Swali la Saba

Siku yangu ya kwanza kazini niliaibishwa kwa sababu ya neno "hohehahe". Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimevaa koti la marehemu baba lililopunguzwa mikono na fundi wa Tetu, na nilifika kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii mjini Nyeri kabla mlinzi hajafungua lango. Afisa Mkuu wa Wilaya alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo hakumwazima mtu. Hakunionyesha meza wala choo. Alinipa daftari, akanielekeza kwa bibi kizee aliyeketi kwenye benchi la nje, akaniambia nichukue maelezo yake. Maelezo, kwa lugha ya kazi yetu, ni habari ya mtu kama alivyoitoa mwenyewe. Afisa huyaandika, humsomea mwenyewe tena, kisha mtu huyo hutia sahihi au kidole gumba.

Bibi alitaka mahindi ya msaada. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na maneno mengi, nikaandika kwamba mama huyu ni hohehahe asiye na mbele wala nyuma. Afisa Mkuu alisoma, akatoka nje, akamuuliza bibi kwa Kikuyu kama alisema hivyo. Bibi akakasirika. Yeye alisema ng'ombe wake amekufa na mvua imekosa, basi, na nyumba yake ni ya mabati kama ya watu wengine.

Afisa Mkuu aliichana ile karatasi mara mbili.

"Kijana," aliniambia, "serikali haikukuandika kazi ya kuonea watu huruma. Andika vile mtu amesema. Usiongeze, usipunguze. Siku utaanza kumsemea, hiyo si kesi yake tena, ni yako."

Nilirudi kwenye benchi nikaandika upya, mistari minne tu, na bibi akapata mahindi yake. Yale maneno ya Afisa Mkuu niliyanakili ndani ya jalada la daftari langu, na kila nilipopewa daftari jipya niliyahamisha. Nyinyi mlioingia kazini juzi mnasifiwa kwa kompyuta. Sisi tulisifiwa kwa maelezo, na mimi, bila kujificha, nilisifiwa kuliko wengi. Ndiyo maana nimeombwa niwaandikie, na ndiyo maana nimekaa karibu mwaka mzima nikikataa.

Baada ya miaka michache nilihamishwa Kutus. Ule ni mji wa biashara, watu wanaingia na kutoka kutwa, na kazi yangu kubwa ilikuwa ripoti za uchunguzi wa kijamii. Ripoti hiyo huandikwa baada ya afisa kwenda nyumbani kwa mtu, kuona anakolala, anachokula, na kuzungumza na majirani, ili hakimu au hospitali ijue imsaidie vipi. Huko ndiko nilianza kukutana na watu walioletwa kutoka mbali kufanya kazi na wasioweza kuondoka. Yaya mmoja alikuwa amekaa katika nyumba moja miaka sita bila kupewa siku ya kupumzika wala mshahara mkononi, ati mshahara unatumwa kwao. Kwao hakukuwa na mtu aliyewahi kuupokea. Niliandika habari zake zote sawasawa, lakini pale juu ya ripoti, mahali pa kutaja aina ya kesi, sikuwa na neno la kuandika. Watu walikuwa wakisema tu kwamba mtu "ameenda kwa watu". Nikaandika "mgogoro wa ajira" na kupeleka. Yaya alirudishwa kwao kwa nauli ambayo wafanyakazi wa ofisi tulichanga, maana hakukuwa na fungu lolote la serikali la kumsaidia mtu wa namna hiyo.

Kutoka Kutus nilipelekwa Kangari, katikati ya majani chai, baridi ya kukata masikio. Mkubwa wangu huko alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye ofisi nzima ilimwita Madam na hata wazee wa mji walimwita Madam. Yeye ndiye alinifundisha kuomba. Nilikuwa nikiandika barua za kurasa nne kwenda makao makuu, naye anazisoma akicheka mpaka miwani inashuka.

"Ndirangu, hii barua yako ni nzuri, lakini serikali haina macho ya kulia," aliniambia mara moja. "Serikali iko na fomu. Kama mateso ya mtu haina boksi kwa fomu, hayo mateso hayajatokea. Tafuta boksi."

Niliona ni maneno ya mtu aliyechoka. Siku hizi nayakumbuka kila wiki.

Nikiwa Kangari mama yangu aliumwa na mbwa wa jirani, mbwa ambaye mwenyewe alimwacha bila kamba makusudi, kijiji kizima kikijua. Nilishuka Tetu kumwona. Nilimkuta mguu umefungwa kitambaa, nikaanza kuropoka juu ya chifu na mahakama. Mama akaninyamazisha. Alisema hakuna haja, ni yeye alijipeleka, angepita njia ya juu hangeumwa. Nyinyi wa huku mnalijua neno hilo. Mtu akiibiwa sokoni, akitapeliwa shamba, akipigwa na mumewe, ukimuuliza atakwambia "ni mimi nilijipeleka". Nimelisikia tangu niko mgongoni. Sikuwahi kulifikiria, kwa sababu hakuna mtu hufikiria maneno ya kwao.

Miaka ikaenda. Nilirudishwa Nyeri nikiwa na mvi na cheo kidogo, na huko ndiko lile neno nililolikosa Kutus lilinifikia, kwenye semina. Usafirishaji haramu wa binadamu. Mwezeshaji alipolitaja, chifu mmoja aliinua mkono akasema tatizo hilo liko sana kwake, malori ya majani chai yanabeba wachumaji juu ya magunia, na mmoja ameanguka juzi. Tulicheka, lakini wengi wetu tulikuwa tumefikiria vivyo hivyo. Mwezeshaji akaeleza pole pole: mtu akidanganywa, akilazimishwa au akichukuliwa kwa sababu ya shida zake, akapelekwa mahali kutumikishwa, huyo amesafirishwa kiharamu, hata kama alipanda ndege kwa miguu yake mwenyewe. Ridhaa yake, yaani kukubali kwake, haihesabiwi kama ilipatikana kwa uongo. Hayo niliyaandika. Ninalo daftari lile mpaka leo, na mwandiko ni wangu.

Sheria ilikuwa imeanzisha mfuko wa serikali wa kuwasaidia waathiriwa wa biashara hiyo. Kwa muda mrefu mfuko ulikuwa jina tu, tukiuuliza tunaambiwa bado. Kisha fedha zikaanza kutengwa, si nyingi, na fomu zikatufikia. Mfuko ungeweza kulipia matibabu, ushauri nasaha, makao ya hifadhi, nauli ya kumrudisha mtu nyumbani hata akiwa nchi ya nje, na kitu kidogo cha kuanzia maisha. Afisa anajaza fomu, anaambatisha maelezo, kamati inakaa na kuamua. Siku fomu zilipofika nilimkumbuka yule yaya wa Kutus, nikaona angalau nitastaafu nikiwa nimeona boksi.

Wangechi alikuja ofisini mwaka mmoja na nusu kabla sijastaafu. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mpishi wa shule ya upili huku kwetu Tetu, na nyumbani kwake ni kilima kimoja tu kutoka kwangu. Mama mmoja wa chama chao cha akina mama cha kuweka akiba alimwambia kuna kazi ya kupika hotelini Uarabuni, mshahara mara nne wa ule wa shule. Akaenda. Alikaa huko miaka miwili, na aliporudi alishuka akiwa na magongo, nyonga imevunjika na kuunganika vibaya. Daktari wa mifupa alikuwa ameandika kwamba anahitaji upasuaji mwingine, la sivyo mguu utaendelea kukauka. Shule ilikuwa imeandika mpishi mwingine. Alikuwa na binti mmoja, Muthoni, wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza kidato cha nne na alikuwa nyumbani anasubiri.

Nilimpa kiti kizuri, nikafunga mlango, nikatoa daftari. Alizungumza kwa muda wa saa mbili bila kulia. Alisema hotelini hakufika, alipelekwa nyumba ya watu, akahamishwa ya pili, akahamishwa ya tatu. Alisema pasipoti ilichukuliwa. Alisema alianguka. Kila alipofika mahali pazito alirudia neno lile lile.

"Afisa, hakuna mtu alinishika mkono," alisema. "Pasipoti nilitafuta mwenyewe. Ng'ombe niliuza mwenyewe. Ni mimi nilijipeleka."

Nikaandika. Nilimsomea yote, akakubali kwa kichwa, akatia sahihi. Kisha nikaanza fomu, ambayo ilikuwa ya Kiingereza. Swali la saba, nikilitoa kwenye Kiingereza chake, liliuliza: Je, mhusika alikwenda kwa hiari yake? Kulikuwa na boksi mbili, Ndiyo na La. La nane liliuliza: Kama ndiyo, eleza alivyodanganywa au kulazimishwa.

Nilikaa na kalamu hewani kidogo. Nakumbuka vizuri, kwa sababu akilini nilimwona yule Afisa Mkuu wa kwanza, marehemu sasa, na kalamu zake tatu. Mama huyu amesema nini? Amesema alijipeleka. Amesema alidanganywa? Hilo neno hakulitamka hata mara moja. Nikatia alama kwenye Ndiyo. Kwenye la nane niliandika "Haihusiki". Nilijiona mtu wa haki sana. Nilimsindikiza Wangechi mpaka langoni nikamwambia asiwe na wasiwasi, sijawahi kuandika maelezo safi kama yale.

Jibu lilichukua miezi. Lilipofika sikulipeleka kwa simu, nilienda mwenyewe, kwa sababu taratibu zinataka mwombaji asomewe barua na aachiwe nakala. Nilimkuta jikoni, Muthoni akichochea moto wa chai. Nikavaa miwani nikasoma kama ilivyoandikwa, bila kuruka. Ombi halikuidhinishwa. Kwa mujibu wa fomu, mwombaji alisafiri kwa hiari yake na hakudanganywa, hivyo hahesabiwi kuwa mwathiriwa, na hastahili kusaidiwa na mfuko.

Wangechi hakubadilika uso. Aliweka gongo lake vizuri kando ya ukuta.

"Si nilikwambia," akasema.

Muthoni aliomba kuiona ile barua. Aliisoma mwenyewe, akapitisha kidole juu ya muhuri, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile na kuiweka ndani ya Biblia ya mama yake. Kisha akanimiminia chai. Nilikunywa nikaenda zangu, nikiwa na hasira na kamati. Sikuwa na hasira na mimi hata chembe.

Mratibu wetu wa kaunti wakati huo alikuwa mama kijana kuliko kitinda mimba wangu. Nilimwendea ofisini na faili, nikamwambia watu wa Nairobi hawasomi. Alisoma yeye, maelezo yote, pole pole, kisha akaifungua fomu, akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Nikamwambia Tetu. Akasema hata yeye mama yake ni wa Tetu.

"Mzee, ukiwa nyumbani, mtu akikwambia nilijipeleka, unaelewa amesema nini?"

"Anajilaumu," nikasema.

"Na hapa kwa fomu uliandika amesema nini?"

Alinieleza kwa heshima, akiangalia meza, kwamba swali la saba halikuwekwa kumnyima mtu, liliwekwa lifungue la nane, na mimi la nane nililifunga kwa mkono wangu. Kamati ina mafaili mengi, inasoma fomu kwanza, na maelezo yanabaki nyuma. Uongo wa hoteli ulikuwamo ndani ya maelezo, ukurasa wa pili, kwa mwandiko wangu mzuri. Aliniambia kuna nafasi ya rufani. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye gari la ofisi, na ninasema wazi kwamba nililia, mtu mzima, dereva akijifanya anapanguza kioo.

Wangechi alikataa rufani. Nilienda mara mbili akikataa. Mara ya tatu nilimkuta peke yake, nikamuuliza Muthoni yuko wapi, akasema ameenda mjini kwa mambo ya karatasi zake. Sikuuliza karatasi gani. Nilikuwa nimekuja na mambo yangu.

"Serikali imesema ni mimi," aliniambia. "Na mimi nilikuwa nimesema ni mimi. Sasa unataka nibadilishe niseme uongo, na niko na mguu moja kaburini?"

Nilifunga daftari. Nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya bibi wa mahindi: niliacha kungoja mtu aseme. Nilimuuliza, katika ile nyumba ya tatu, ufunguo wa mlango ulikuwa na nani.

Moto ulikuwa umefifia na hakuna aliyeuchochea.

"Na mama mwenye nyumba," alisema. "Hata wa jikoni, mahali nililala."

"Na ukitaka kutoka?"

"Ndio nikatoka na dirisha."

Kwenye maelezo ya kwanza alikuwa amesema alianguka. Nami nilikuwa nimeandika alianguka, nikamsomea, akakubali. Ilikuwa ghorofa ya pili. Nilimuuliza, je, kama angejua hayo yote siku ile alipouza ng'ombe, angekwenda. Alinitazama kama mtu anayeona mzee amerukwa na akili.

"Wewe Afisa, kwani nani anaenda kufungiwa?"

Nikamwambia hilo ndilo swali la nane. Alilia basi, kwa mara ya kwanza, na mimi nikaandika. Maelezo yale ya pili yalikuwa na maswali yangu ndani yake, yakionekana wazi, jambo ambalo Afisa Mkuu wangu wa kwanza angelichana. Lakini yalikuwa ya kweli kuliko yale ya kwanza.

Rufani ilikubaliwa, na hapo ndipo nilijifunza somo lingine la mambo ya fedha za umma. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa mwisho wa Juni, na kilichotengwa kisipotoka kabla ya hapo hurudi Hazina kuu. Barua ya Wangechi ilisainiwa wiki ya mwisho ya Juni. Ikabidi ingoje bajeti mpya, na bajeti mpya ingoje kuidhinishwa, na kuidhinishwa kungoje kutolewa. Laiti ningaliandika vizuri mara ya kwanza, upasuaji ungalikuwa umefanyika mwaka mzima nyuma. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe na hakuna aliyenisaidia.

Nikastaafu katikati ya kungoja huko. Walinifanyia sherehe nzuri ukumbini, wakanipa blanketi na saa ya ukutani, na Mratibu akasimama akasema mimi ndiye mwandishi bora wa maelezo ambaye ofisi ile imepata. Nilimwangalia usoni kuona kama ananitania. Hakuwa ananitania, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba. Meza yangu ilichukuliwa na afisa kijana niliyemfundisha miaka mitatu, mpole, ambaye naye alikuwa amenakili yale maneno ya Afisa Mkuu ndani ya jalada la daftari lake. Nilitaka nimwambie ayafute. Watu walikuwa wengi, keki inakatwa, nikaahirisha.

Ni yeye aliyenipigia simu, miezi kadhaa baadaye, kuniambia fedha zimetoka na Wangechi amepasuliwa. Nilinunua ndizi na maziwa ya mala nikaenda kumwona wodini, saa ya wageni. Alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa, uso umenenepa. Aliniambia daktari amesema atatembea na fimbo moja, na mshauri nasaha anakuja kila Alhamisi, na mfuko umelipa vyote viwili. Sikumbuki siku niliyofurahi namna ile tangu nioe. Nikamuuliza Muthoni amekuja saa ngapi leo.

Aliangalia dirishani.

"Muthoni alienda," alisema. "Wiki ya tatu hii. Ni huyo mama wa chama."

Sikuelewa mara moja. Aliendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za nyumba nyingine. Alisema alimweleza binti yake yote, mpaka ya dirisha, ambayo hakuwahi kumwambia. Muthoni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifungua Biblia akatoa ile barua.

"Akaniuliza, mama, kama ulidanganywa, mbona serikali iliandika hukudanganywa? Iko na muhuri. Nikamwambia waliandika vibaya, iko ingine ilikuja. Akasema hiyo ingine ni ya kusaidiwa, watu husema kitu yote wakitaka kusaidiwa. Akasema mimi nilikuwa tu na bahati mbaya. Na akaenda nayo. Ati huyo mama wa chama ndiye alisema anataka kuionyesha wengine, waone hata serikali inajua kazi ni ya hiari."

Ndizi zilikuwa bado mkononi mwangu. Nilitaka kusema samahani na neno lenyewe likawa dogo mno. Wangechi akaniambia nikae, nisisimame hivyo, nitaanguka. Kisha akaniambia jambo ambalo sijaweza kulisahau: kwamba nisijisumbue, mimi niliandika tu vile yeye alisema.

Nasikia watu wakisema serikali haikutoa kitu. Mimi siwezi kusema hivyo. Fedha zilikuja. Zilichelewa, zilikuwa kidogo, lakini zilikuja, na Wangechi anatembea leo mpaka kituo cha maziwa na kurudi kwa sababu ya fedha hizo. Ndiyo maana naumia kwa namna yangu. Ingekuwa hakuna mfuko ningelaumu mfuko. Mfuko ulikuwepo, boksi ilikuwepo, na mtu wa kuijaza alikuwa mimi, niliyezaliwa Tetu kama yule mama, niliyenyonya lugha moja naye. Mtu wa mbali angemwuliza "unamaanisha nini?" Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua. Nilijua, na nikaandika kitu kingine.

Siku hizi Jumapili baada ya kanisa mimi hupitia kwa Wangechi, kwa sababu Muthoni hupiga simu saa hiyo, akipata nafasi ya kupiga. Jumapili iliyopita simu ililia tukiwa tunakunywa chai. Wangechi aliiweka mezani, akaifungulia sauti. Muthoni alitusalimu vizuri. Alisema hajambo, alisema kuna joto, alisema anakula. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyesimama karibu na ukuta. Hakutaja hoteli, na ni hoteli aliyoahidiwa, kama mama yake. Wangechi alinitazama, nami nikamwashiria kwa kichwa aulize, kwa maana tulikuwa tumekubaliana.

"Muthoni, ufunguo wa mlango uko na nani?"

Ndani ya simu tulisikia televisheni tu ikizungumza lugha nisiyoijua.

"Mama, usijali," Muthoni akasema. "Ni mimi nilijipeleka."

Jumatatu nilikuwa kwenye lango la ofisi kabla mlinzi hajafungua. Afisa kijana alinikaribisha kwenye kiti cha wageni, kilichokuwa upande wa pili wa meza yangu ya zamani, akatoa fomu ya mfuko. Nilimwambia tunaomba kumrudisha mtu nyumbani, nauli na hifadhi, na kwamba ni haraka. Akaandika jina, umri, kwao, nchi aliko, mtu aliyempeleka. Tulipofika swali la saba nikamwambia atie alama kwenye La, kwa kuwa kamati husoma boksi kwanza, halafu avunje utaratibu, alijaze la nane vilevile mpaka nyuma ya karatasi, nami nitamtajia: hoteli iliyoahidiwa na isiyotajwa, ile barua, ufunguo.

Akainua kalamu. Nilimfundisha vizuri, yule kijana.

"Mzee," aliniuliza kwa upole, "ni hivyo amesema?"

"Hapana," nikamwambia. "Hajasema hivyo. Andika."